Mgeni wa Nusu Lita

Ijumaa, kipindi cha tatu, mwalimu wa fizikia alikuwa ubaoni anachora meli. Ilikuwa meli mbaya yenye umbo la kiatu, lakini kidato cha tatu walishaizoea michoro yake na waliinakili kwa uaminifu mkubwa. Wawili waliongeza kamba. Alikuwa amefika mahali ambapo maji yanaisukuma meli kwenda juu, mlinzi wa geti akasimama dirishani, kofia mkononi.

"Samahani, mwalimu. Una mgeni."

"Mwambie asubiri. Nina kipindi."

"Nimemwambia. Hakunijibu. Ameshapita."

Mgeni alikuwa anakatiza kiwanja cha mpira. Ulikuwa mfuko wa damu, wa kawaida, wa mililita mia nne na hamsini, umejaa na umezibwa vizuri. Ulitembea kwa kujivuta: unasukuma uzito mbele, unatulia, unaukusanya mwili wa nyuma, kama mtu anayehamisha godoro peke yake. Kwenye mstari wa katikati ulipumzika, kwa sababu jua lilikuwa kali, kisha ukaendelea. Darasa zima lilisimama kuangalia. Mwalimu akawaambia wakae, nao wakakaa, kwani meli ingekuwemo kwenye mtihani na mfuko usingekuwemo.

Mlinzi alikuwa mtu wa utaratibu, na kitabu cha wageni hakikuwa na kasoro. Kwenye jina aliandika "Hajasema". Kwenye mahali atokako aliandika "Hospitali", kwa sababu lebo ya mfuko ilisema hivyo. Kwenye anayetafutwa aliandika "Mwalimu wa Fizikia", kwa sababu namba iliyokuwa kwenye lebo aliifahamu: ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya uchangiaji ambayo mwalimu aliivaa shingoni kila shule ilipopata wageni wa heshima. Kwenye sababu aliandika "Binafsi". Sahihi aliiacha wazi, mgeni hakuwa na mikono.

Ieleweke kwamba mwalimu huyu hakuwa mtu wa kutembelewa ovyo na damu. Alikuwa mchangiaji. Kila gari la benki ya damu lilipokuja shuleni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati, na wanafunzi, ambao hawana dogo, walimpa jina la Nusu Lita. Alilijua jina hilo na alijifanya halijui, kama inavyompasa mwalimu. Jumanne ya wiki hiyo hiyo alikuwa amechangia kwa mara ya tisa, akanywa soda yake, akala biskuti zake mbili, akapigwa picha akiwa amenyoosha kidole gumba. Vyeti vilivyotangulia vilining'inia sebuleni kwake kwa mstari ulionyooka kwa rula. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa akisema kwamba ukuta ule ungemfaa sana kwa kabati la vitambaa.

Kengele ilipolia, mfuko ulikuwa umeshafika kizingitini. Mwalimu akauinua. Ulikuwa na joto la mtu aliyetembea. Juu ya lebo, kuanzia pembe hadi pembe, palikuwa na muhuri mwekundu: ISITUMIKE.

Aliupeleka kwenye chumba cha walimu, kwa sababu hakujua pengine pa kuupeleka.

"Isitumike," alisoma mwalimu wa jiografia. "Damu ya mtu mzima hii?"

"Ina chaki," alisema mwalimu wa kemia bila kuinua macho kutoka kwenye daftari alilokuwa akisahihisha. "Miaka kumi na tano ya chaki. Mgonjwa akiwekewa hiyo ataamka anadai kazi ya nyumbani."

"Ningekuwa mimi ningekasirika."

Nusu Lita alikasirika, lakini kwa kiasi. Alipima uzito wa mfuko kwenye mizani ya maabara ya shule, akaona haujapungua kitu njiani, na hilo likampa faraja ya kitaaluma. Kisha akauweka kwenye friji ya walimu kando ya maziwa. Baada ya dakika tano mlango wa friji ulifunguka kwa ndani, na mfuko ukarudi miguuni pake. Mkuu wa shule, aliyekuwa akipita na rundo la ratiba, aliutazama, akamkumbusha mwalimu kwamba wageni wote hutakiwa kuwa nje ya eneo la shule kabla ya saa kumi na mbili jioni, akaenda zake.

Kwa hiyo mwalimu akaenda nao nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya sita katika safu ya nyumba za walimu, mlango wa bluu, mkabala na tangi la maji. Fundi alikuwa kwenye cherehani, amekaa mbali kidogo na meza kwa sababu ya tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi minane, ya kwanza, baada ya miaka sita ya kuulizwa maswali na mashangazi wa pande zote mbili.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Damu yangu. Ya Jumanne."

"Imesahau nini?"

"Sijui. Imegongwa muhuri."

Fundi akaufikiria muhuri, akaondoa vitambaa juu ya kiti kimoja, akatandika karatasi ya nailoni. "Karibu," aliuambia mfuko. "Hiyo nailoni si kwa ubaya. Ni nguo za watu hizi."

Mfuko ukapanda kitini, ukakaa.

Jumamosi ulikaa. Jumapili asubuhi ulikaa. Haukusema neno wala haukuomba kitu. Mwalimu aliamua kwamba umekuja kumshukuru, kwamba katika mifuko yake yote huu ndio wenye adabu kuliko mingine, na kwamba muhuri ni kosa la karani. Jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuja kuchukua gauni lake, aliukuta na akausalimia kama anavyomsalimia mtu yeyote aliyemkuta amekaa.

"Hata shemeji yangu aliletewa wake," alisema akijipima gauni. "Ila yeye kashahama. Umekaa barazani wiki ya pili sasa, wapangaji wapya wanaupisha tu. Fundi, hapa kwapani pananibana."

"Hapabani. Umeshusha pumzi?"

"Nimeshusha."

"Basi pandisha mkono. Na huyo shemeji yako alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa anasema amechoka. Sasa nani hajachoka?"

Jirani alipoondoka, Fundi alirudisha pini zake kwenye mkebe, moja moja.

"Kesho uende hospitali ukaulize."

"Nina mitihani ya kusahihisha. Na mimi mzima kabisa. Juzi nimecheza mpira na kidato cha nne, wananiogopa."

"Wanaogopa kukuvunja."

"Mke wangu, ni makosa ya muhuri tu."

Fundi akainama kwenye mshono wake. Saa tisa alasiri, cherehani ikasimama.

"Hebu njoo uangalie," alisema. "Mgeni wako nilimwekea kiti wapi?"

"Pale, karibu na meza yangu."

"Nimemrudisha pale mara nne tangu asubuhi. Sasa yuko wapi?"

Mwalimu akaangalia. Mfuko ulikuwa magotini mwa mke wake, umeegemea tumbo, umetulia kama paka.

"Mume wangu," alisema Fundi, "damu hii haikuja kwako. Imepitia tu kwako."

Mwalimu aliweka kifuniko kwenye kalamu yake nyekundu, akaanza kutafuta kadi yake ya uchangiaji na kadi ya kliniki ya mke wake, na alipozipata akaziweka pamoja juu ya meza kwa ajili ya asubuhi.

Hospitalini, majibu yalitolewa dirisha namba saba. Karani wa dirisha hilo alikuwa kijana nadhifu mwenye tai. Aliutazama mfuko, akautazama muhuri, akamtazama mwalimu kwa heshima anayopewa mtu aliyekuja na vielelezo.

"Majibu ya wachangia damu ni siri, mwalimu."

"Siri kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Na mimi mwenye damu?"

"Na wewe umo kwenye kila mtu." Alisema hivyo bila ukali wowote. "Majibu hutoka kwa barua. Barua hupitishwa na kamati. Kamati haijakaa."

"Tangu lini?"

"Mimi nina miaka mitatu hapa," alisema karani, "sijaikuta."

"Basi angalau mngenipigia simu."

"Fomu ya mchangiaji haina nafasi ya namba ya simu. Ina nafasi ya urefu, uzito, na rangi unayoipenda. Ilikuwa ya kampeni."

Fundi alikuwa amesimama muda wote huo, mkono kiunoni. "Tukienda maabara wenyewe?"

"Hairuhusiwi," alisema karani, na akawaelekeza njia: korido ya kushoto, mlango wa pili baada ya choo.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mwenye miwani machoni na miwani nyingine kichwani. Alipouona mfuko, aliweka chini kalamu yake.

"Kumbe umefika," aliuambia. "Nilidhani umegongwa barabarani." Kisha akawavutia wageni viti, akauuliza mfuko kwa macho kama ungependa kukaa pia, na mfuko ukapanda kwenye paja la Fundi.

Akaeleza. Alieleza kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kueleza kwa nini basi limechelewa. Kila mfuko wa damu hupimwa magonjwa kabla haujamgusa mgonjwa, na wenye tatizo hugongwa muhuri na kuchomwa moto. Mwezi wa pili kichomea taka kiliharibika. Mifuko iliyokataliwa ikawekwa kwenye ndoo kusubiri fundi wa mitambo. Huyo wa mitambo hakuja. Mifuko ikachoka kusubiri, na jioni moja mmoja ukafungua kifuniko, ukateremka, ukauliza njia kwa mlinzi kwa namna yake, ukaondoka.

"Imeshatoka kumi na mmoja," alisema. "Wako ndio wa kwanza kurudi na mwenyewe."

"Na tatizo langu ni nini?"

"Homa ya ini. Aina ya B. Kirusi kimo kwenye damu yako, kimelala. Ndiyo maana hujisikii kitu. Wengi hukaa nacho miaka na miaka."

"Kimeingia Jumanne?"

Mama wa maabara akavuta daftari kubwa, akalifungua mwanzo, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. Kidole chake kikatembea kwenye kurasa, kikasimama, kikatembea, kikasimama. Kilisimama mara tisa.

"Mara zote," alisema.

Mwalimu alifikiria ukuta wa sebuleni. Alifikiria soda tisa na biskuti kumi na nane.

"Kwa hiyo sijawahi kumsaidia mtu yeyote," alisema mwishowe.

"Na hujamdhuru mtu yeyote," alisema mama wa maabara. "Hiyo ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri. Hakuna mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha hospitali hii akawekewa damu yako. Wagonjwa wako salama. Mwenye damu ndiye hajui."

"Kwa nini hukumwambia?" aliuliza Fundi. "Mara tisa, mama yangu."

"Mimi naandika kwenye daftari, mwanangu. Nakala inakwenda ofisini. Ofisini kuna kabati." Alivua miwani yote miwili, akajipangusa macho. "Nilishataka kuwaambia watu kwa mdomo. Nilipewa barua ya onyo. Hiyo haikuhitaji kamati."

Kisha akageuka kwa Fundi, akaliangalia tumbo, akauangalia mfuko ulioliegemea. "Wewe kliniki walikupima hiki?"

"Walinipima karibu vyote vilivyoandikwa kwenye kadi. Hiki waliniambia kipo kwenye kadi ila hakipo kabatini."

"Nipe kidole."

Kipimo kilichukua dakika kumi na tano. Fundi, ambaye maisha yake yote ni mistari ya chaki juu ya kitambaa, aliielewa ile miwili iliyotokea kwenye kipimo kabla ya kuambiwa.

"Ni mimi niliyekupa," alisema mwalimu.

"Au mimi niliyekupa wewe."

"Hakuna ajuaye," alisema mama wa maabara. "Wengine huzaliwa nacho. Mama akiwa nacho, mtoto anaweza kukipata siku ya kuzaliwa, na akikipata siku hiyo mara nyingi hakimtoki. Msigombane kwa hilo, hamtapata mshindi. Sikilizeni linalofanyika. Ninyi wawili mtamwona daktari. Ini litaangaliwa, dawa za kukituliza kirusi zipo kwa anayezihitaji, na wewe mama huenda ukaanzishiwa hata kabla hujajifungua. Mtu anaishi nacho mpaka anazeeka, anagombana na wajukuu. Ila huyu aliyemo humu," alinyoosha kidole bila kugusa, "akichomwa chanjo ndani ya siku moja tangu azaliwe, na akamaliza zinazofuata, kuna uwezekano mkubwa kabisa asikipate milele. Siku moja. Kadiri anavyowahi ndivyo vizuri zaidi. Siyo wiki ya sita kama watoto wengine."

"Na chanjo ipo?"

"Ipo. Stoo ya dawa. Imewekwa kwa ajili ya watumishi wa hospitali. Ili itoke kwa mtu mwingine inahitaji sahihi ya mkurugenzi."

Mwalimu akasimama. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole mwenye ofisi yenye zulia. Ukutani palikuwa na chati kubwa yenye mstari uliopanda kuelekea dari: idadi ya mifuko ya damu iliyochangwa. Iliyotumika haikuwa na chati. Alimtambua mwalimu mara moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mchangiaji wetu! Mara ya tisa! Mstari ule pale, hicho kipande cha juu ni wewe na wanafunzi wako."

Mwalimu akaeleza shida yake kwa mpangilio, kwanza, pili na tatu, kama anavyofundisha. Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho. Mfuko, uliokuwa umewafuata kwa mwendo wake, ulifika wakati huo, ukapanda kwenye kiti cha wageni, na kutoka hapo ukapanda mezani.

"Nawaelewa kabisa," alisema mkurugenzi. "Lakini nikianza kuwapa ninyi, kesho watakuja wote."

"Wote ni wangapi?" aliuliza Fundi.

"Hilo hatulijui. Hatujawahi kuwapa majibu yao."

"Sasa si ndiyo hapo, mzee wangu."

"Ndiyo hapo," alikubali mkurugenzi, na akanyoosha mkono kuchukua faili la barua za kusaini. Mfuko ulikuwa umelikalia. Akajaribu faili jingine. Mfuko ukahamia huko. Akachukua muhuri wa ofisi, na mfuko ukajiviringisha juu ya kidau cha wino, ukatulia.

"Mgeni wenu ana haraka ya kuondoka?" aliuliza kwa adabu.

"Kwetu amekaa siku tatu," alisema Fundi. "Hali, hanywi, hachoki. Nilimtandikia nailoni."

Mkurugenzi akatazama rundo la barua, ambalo ndani yake ilikuwemo barua ya safari yake mwenyewe ya semina, ikisubiri muhuri kabla ya saa sita. Akatazama saa. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika: *Chanjo ya homa ya ini, dozi za mtoto mmoja, kwa huyu peke yake*, akapigia mstari maneno matatu ya mwisho, akasaini. Mfuko ukampisha kwenye kidau cha wino.

Kichupa kikahamishiwa friji ya wodi ya wazazi, kikafungwa plasta iliyoandikwa "Mtoto wa Fundi, usiguse". Maandishi ya namna hiyo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kulala bweni na kuwa na mkebe wa sukari, hayajawahi kuzuia kitu. Mfuko ukapanda juu ya friji ile na ukakataa kurudi nyumbani. Ulikaa hapo siku ishirini na mbili. Wauguzi waliupangusa vumbi pamoja na redio. Mara moja mtumishi mmoja alikuja na karatasi ya kuomba kichupa kwa ajili ya mpwa wake aliyekuwa anaanza chuo. Aliufungua mlango, mfuko ukateremka taratibu mpaka mbele ya mkono wake, akaufunga tena, akasema kwamba ataulizia kwingine.

Katika siku hizo Fundi alianzishiwa vidonge, akalalamikia ladha yake na akavimeza. Mwalimu alipimwa ini, likaonekana zuri tu, na daktari akamwambia arudi kila baada ya miezi sita. Aliteremsha vyeti ukutani. Hakuvichana, alivipanga kwenye bahasha, kwa sababu karatasi zilikuwa nzito na upande wa nyuma ulikuwa mweupe, na Fundi alihitaji vya kukatia michoro ya kola.

Wiki ya tatu ililetwa barua. Tarishi aliileta moja kwa moja, bila kuuliza mtu. Juu ya bahasha jina lilikuwa sahihi, na chini yake: *Nyumba za walimu, ya sita, mlango wa bluu, mkabala na tangi la maji.* Ndani, hospitali ilimpongeza mwalimu kwa moyo wake wa kujitolea na kumkaribisha achangie kwa mara ya kumi, ambapo angepewa nishani. Barua haikupitia kamati.

"Waulize rangi ya mlango waliijuaje," alisema Fundi.

"Labda niliiandika kwenye rangi ninayoipenda."

Fundi alicheka mpaka akashika mgongo, na aliposhika mgongo hakuuachia, kwa sababu uchungu ulikuwa umeanza.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana, wa kike, kilo tatu na robo, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya kengele. Mkunga wa zamu hiyo alikuwa mgeni wodini. Alimpangusa, akampima, akasoma kadi ya mtoto kutoka juu hadi chini, na kwa kuwa kadi haikuwa na mstari wa chanjo ile kwa siku ya kuzaliwa, akaifunga. Mfuko ukateremka kutoka juu ya friji. Ukakatiza sakafu, ukapanda kwenye toroli, ukaikalia kadi.

"Huu nao unataka nini?" aliuliza mkunga.

"Fungua friji," alisema Fundi kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu asiyekuwa na nguvu za kusema mara mbili. "Kichupa chenye plasta."

Mkunga akafungua, akasoma plasta, akasoma tarehe, akavuta dawa. Mtoto alichomwa pajani saa saba na dakika hamsini. Alilia kidogo, akaacha, akaonekana kutafakari.

"Amelia kuliko baba yake anapotoa damu?" aliuliza Fundi.

"Baba yake huwa anapigwa picha," alisema mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa akilia yeye.

Mkunga akaandika chanjo ile pembeni mwa kadi, nje ya mistari, kwa mwandiko mdogo unaosomeka. Mama wa maabara alipita kumwona mtoto, akamhesabu vidole, kisha akafungua mlango wa chumba cha taka hatarishi na kuuacha wazi. Mfuko ukamwangalia mtoto, au uligeuka tu upande ule. Ni vigumu kusema. Ukateremka, ukaenda kwa mwendo wake wa godoro, ukaingia kwenye ndoo ya njano wenyewe na ukavuta kifuniko.

"Kichomea taka kimetengenezwa?" aliuliza mwalimu.

"Bado," alisema mama wa maabara. "Kuna waraka mpya lakini." Akautoa mfukoni. Mkurugenzi aliwafahamisha watumishi wote kwamba, kwa kuwa mifuko iliyokataliwa imeonyesha uwezo wa kujipeleka kwa wahusika, kazi ya kuandika barua za majibu imeondolewa kwenye mpango wa mwaka, na mifuko inaombwa itumie mlango wa nyuma ili isiwasumbue wagonjwa.

Mwalimu akausoma mara mbili, kama anavyosoma jibu la mwanafunzi ambalo si sahihi lakini limeandikwa vizuri. Akamrudishia. Akambusu mke wake kwenye paji la uso, akaagizwa khanga mbili, chupa ya chai na ile taulo laini, siyo ile nyingine, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye kona ya gereji alipouona. Ulikuwa mfuko mwingine, namba nyingine, muhuri ule ule. Ulikuwa umekwama ukingoni mwa mtaro wa maji machafu. Ulisogea mbele, ukarudi, ukasogea tena. Mafundi wa gereji walikuwa wameuwekea kipande cha ubao uvukie, lakini ubao ulikuwa mwembamba.

Mwalimu alihesabu. Wake ulikuwa umetumia siku tatu kufika na siku tatu zaidi kueleweka, na siku ishirini na mbili zilizobaki zilitosha kwa kubahatisha tu. Huu haukuwa na mtu aliyejua unaenda kwa nani, wala huyo mtu ana nani nyumbani kwake, wala amebakiza muda gani.

Akauinua, akaupakata kama alivyoonyeshwa saa mbili zilizopita, kichwa kikiwa kwenye kiwiko. Hakuwa na anwani. Akageuka kushoto na mfuko ukawa mzito. Akageuka kulia na ukawa mwepesi. Hakukuwa na sheria ya fizikia iliyoruhusu jambo hilo, naye hakuwa na muda wa kubishana nalo. Akafuata wepesi: akapita duka la vipuri, akapita kinyozi, akapita ua wa matofali, mpaka kwenye nyumba yenye ndoo ya saruji mlangoni, ambapo ulikuwa mwepesi kama shati.

"Hodi!"

Alitoka fundi mwashi, saruji mpaka kwenye nyusi. Akausoma mfuko, akatoa pochi, akalinganisha namba na kadi yake.

"Ni yangu," alisema. "Ya mwezi uliopita. Walinipa cheti."

"Najua," alisema mwalimu. "Una mke?"

"Nina mke. Na watoto wawili, na mama yangu anakaa nasi hapa."

"Waite wote wakae. Habari yake ni ndefu kidogo, lakini si mbaya kama muhuri unavyosema."

Mwashi akaita ndani, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja wakifuta mikono. Kiti kizuri kilikuwa kimoja. Mwalimu akauweka mfuko hapo, akageuza ndoo iliyokuwa tupu, akakaa juu yake, akaanza.